Bodi Moja, Kadi Mbili

Jumapili jioni, Runyenjes. Manyunyu tangu asubuhi, ukungu umelala juu ya migomba na mlima umejificha kabisa.

Nina hasira na nina furaha, na sitaki mtu anishauri nichague moja.

Nimekaa kwenye kiti cha Mama karibu na dirisha, miguu bado imo kwenye gambuti kwa sababu nimechoka hata kuivua. Nataka kuandika kabla hasira haijapoa. Ikipoa nitaanza kuwa na adabu, na nikiwa na adabu huwa nasimulia mambo yangu kama yalimtokea jirani.

Kwa wanaopita hapa mara ya kwanza: naitwa Wawira, na kazi yangu ni kuchora nyumba ambazo hazijajengwa. Mtu ananiletea ramani ya fundi, karatasi yenye mistari isiyomwambia chochote, nami namrudishia picha iliyo kama imepigwa kwa simu: bati, rangi ya ukuta, mapazia, hata kivuli cha mparachichi kwenye kibaraza. Rafiki yangu Kinya anafanya kazi hiyo hiyo kutoka kwao Laare, kwenye chumba cha pembeni, huku babake na vibarua wakifunga miraa sebuleni. Tulijuana chuoni Nairobi, tukaajiriwa na ofisi moja ya wasanifu majengo, na siku ofisi hiyo ilipopunguza watu tulifungasha pamoja. Kila mmoja alirudi kwao na kompyuta yake, na ndani ya kila kompyuta kadi moja ya grafiki.

Watu walituhurumia. Walisema tumerudi nyumbani kupumzika kidogo.

Hatukurudi kupumzika.

Kadi ya grafiki ndiyo inayobeba mzigo katika kazi yetu. Picha moja iliyotulia haina shida. Lakini siku hizi wateja wanataka video: mlango ufunguke, uingie sebuleni, ugeuke uone jikoni, jua litembee ukutani. Sekunde moja tu ya video ni picha nyingi, na kila moja lazima kompyuta iipike peke yake, mwanga kwa mwanga, kivuli kwa kivuli. Kadi yangu ilikuwa inahema. Siku moja Mama alisikia feni zake zikinguruma, akaniuliza kama mashine imeshikwa na homa.

Wazo lilikuwa la Kinya. Alinipigia simu akasema, "Wawira, kwani lazima kila mtu apike na jiko lake? Si tuweke kadi zote mbili kwa bodi moja?"

Programu tunayotumia inajua kugawa kazi. Kadi hii inachukua picha hii, ile inachukua inayofuata, na hazihitaji hata waya wa kuziunganisha. Zinahitaji tu motherboard, ile bodi kuu ya ndani ya kompyuta, inayoweza kuzibeba zote mbili.

Tu! Neno hilo dogo limenitesa mwezi mzima.

Halafu ikaja kazi yenyewe. Kanisa letu lina zahanati ndogo, na kando ya zahanati kuna kipande cha shamba kilicho wazi. Kamati ya maendeleo, inayoongozwa na Mzee Nthiga, ilitaka pajengwe ukumbi wa kukodisha kwa harusi na mikutano. Akina mama walitaka wodi ya kujifungulia. Waumini wote wangeamua leo, baada ya ibada. Mzee Nthiga alikuwa ameshatundika mchoro wa ukumbi wake mlangoni mwa kanisa, mkubwa, wa rangi, wenye magari ya kifahari yameegeshwa mbele. Akina mama hawakuwa na mchoro. Walikuwa na maneno tu, na maneno yao yalikuwa yamesikika miaka mingi bila kujenga hata ukuta mmoja.

Mama alirudi kutoka mkutano wao akasimama mlangoni kwangu. "Wametaka uwafanyie ile picha inayotembea," alisema. "Ya wodi. Watu waingie ndani waione."

Nilimpigia Kinya kabla Mama hajavua leso ya kichwani.

Nikaingia kwenye kutafuta bodi. Nimesoma mpaka macho yakaniwasha, na kwa kuwa kuna waliouliza kwenye maoni, acha niseme nilichojifunza kwa lugha ya kawaida. Bodi nyingi zina sloti mbili ndefu za kuchomekea kadi, na kwa macho zinafanana kama mapacha. Hazifanani. Habari hupita kwenye njia kutoka kwa processor, ule ubongo wa kompyuta, na processor ya kawaida ina njia kumi na sita tu za kadi. Kwenye bodi ya bei nafuu, njia zote zinaenda sloti ya kwanza, na ya pili inaachiwa makombo yanayotoka kwingine. Kwenye bodi niliyoitaka, ukichomeka kadi ya pili njia zinagawanywa nane kwa nane. Halafu kuna nafasi. Kadi zetu ni nene, na sloti zikikaribiana, kadi ya juu inamlalia mwenzake na feni zake zinakosa hewa. Na kuna mtego mwingine ambao hakuna muuzaji anayeutaja: kwenye baadhi ya bodi, ukiweka diski ile bapa inayolala juu ya bodi kama kipande cha chingamu, sloti ya pili inazimika kimya kimya.

Nilipata bodi moja iliyotimiza yote hayo. Nikapiga simu kwenye duka moja mjini Meru, la bwana mmoja tutakayemwita Gitonga, naye akasema anayo. Kwa kuwa Kinya angepitia Meru akija kwetu kutoka Laare, tulikubaliana aichukue yeye.

Alipofika dukani, Gitonga alimwambia ile bodi imeondoka asubuhi hiyo hiyo. "Lakini hii ni dada yake," akasema, akatoa boksi jingine. Kinya akamuuliza kuhusu nane kwa nane. Gitonga akacheka. Akamwita mwanamume mmoja aliyekuwa amekuja kununua chaja ya simu, na wawili hao wakasimama wakimweleza Kinya kwamba sloti ni sloti, na kwamba mambo ya njia ni ya kutisha watu kwenye intaneti. Mnunuzi wa chaja! Hakuwa amewahi kuiona bodi hiyo maishani, lakini alikuwa na maoni.

Kinya alilipa. Alikuja Runyenjes na bodi kwenye mkoba na kadi yake imefungwa ndani ya sweta ya mamake.

Tuliunganisha kila kitu juu ya meza ya Mama, ile ya sebuleni. Tukawasha. Kompyuta ikaamka vizuri, ikaonyesha kadi moja.

Yangu.

Kinya akasema polepole, "Yangu imekufa." Alikuwa ameibeba magotini njia nzima, hakuiweka chini hata alipobadilisha gari Meru. Tukazima, tukaitoa kadi yangu, tukachomeka yake peke yake sloti ya kwanza. Ikaamka mara moja. Haikuwa imekufa wala kuugua. Tukairudisha sloti ya pili. Kimya.

Nikachukua simu, nikawasha tochi, nikainama nikaangalia ndani ya sloti zenyewe. Ya kwanza ilikuwa na meno ya chuma yanayong'aa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ya pili ilikuwa na meno machache mbele, kisha plastiki tupu mpaka mwisho. Mdomo mrefu wa kudanganya macho. Na diski yetu ilikuwa imekalia nafasi ile ile inayozima hata hayo meno machache. Tukaitoa diski, tukatumia nyingine ya zamani. Kadi ya Kinya ikaonekana, lakini zile kadi mbili zilikuwa zimebanana, feni za yangu zinagusa mgongo wa yake. Tulipoanza kupika picha, joto likapanda na mashine ikajizima yenyewe. Tukawasha tena, ikajizima tena.

"Mimi ndiye nililipa," Kinya alisema. "Nilijua ananidanganya na nikalipa. Walikuwa wananiangalia hivi, wote wawili, nikataka tu kutoka mle ndani."

Nilimkasirikia kwa muda ambao chai huchukua kupoa. Halafu nikamkasirikia anayestahili.

Mzee Nthiga alipita alasiri hiyo hiyo. Sijui nani alimwambia. Alisimama mlangoni, akaangalia meza iliyojaa nyaya na skrubu, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli kabisa. Simsingizii, ilikuwa huruma.

"Wawira, hii kazi ni ya makampuni makubwa," alisema. "Mngesema mapema tungewasaidia." Kisha akamgeukia Mama. "Mama Wawira, asione haya. Hata kujaribu ni kitu."

Mama alimmiminia chai, akampa na nduma. Aliongea naye habari za mvua na bei ya majani, akamsindikiza hadi kwenye lango. Aliporudi aliokota kikombe chake na kusema, "Hiyo ndiyo chai ya mwisho nampa mpaka hii kitu yenu iwake."

Kesho yake asubuhi tulikuwa Meru.

Niliweka bodi kwenye kaunta ya Gitonga. Ukutani nyuma yake kuna karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu kwamba bidhaa zikiuzwa hazirudi. Aliinyooshea kidole kabla sijafungua mdomo.

"Madam, hii mmefungua. Ikishafunguliwa imekuwa yenu."

"Tuliagiza bodi nyingine," nikasema. "Ukatuuzia hii."

"Ni kitu moja. Si sloti ni mbili? Hesabu."

"Nimehesabu. Sasa washa tochi ya simu yako uangalie ndani."

Hakuwasha. Nikawasha yangu, nikaigeuza bodi ili kila aliye dukani aone. Kulikuwa na watu kadhaa: mama mmoja wa ofisini aliyekuja kununua wino wa printa, vijana wawili wa chuo, na mzee mmoja aliyeleta redio yake itengenezwe.

"Meno ya hapa yako wapi?" nikauliza.

"Hiyo ni design."

"Ni design ya kadi moja. Mimi nilikuambia mbili."

Gitonga aliangalia mlangoni, kama anayetafuta mtu nyuma yetu. Akamwuliza Kinya, si mimi, "Kwani hamkuja na mtu?"

Na Kinya, ambaye usiku kucha alikuwa amejilaumu, ambaye usingizi ulikuwa umempaa, alijibu kwa sauti iliyofika hadi barabarani. "Tumekuja watu wawili. Hutuoni?"

Nikafungua ile sweta ya mamake Kinya. Nikatoa kadi zote mbili, nikazichomeka kwenye bodi pale pale juu ya kaunta, moja chini ya nyingine. Zikabanana kama kawaida yao. Nikachukua kipande cha karatasi, nikajaribu kukipitisha katikati. Hakikupita.

Mama wa wino akainama akaangalia. "Na wewe uliwaambia zitaingia?" akamwuliza Gitonga.

"Niliwaambia zitaingia," Gitonga akasema. "Sikusema zitapumua."

Vijana wa chuo ndio walioanza kucheka. Halafu mzee wa redio. Halafu mama wa wino akaweka wino wake chini, akakunja mikono, akasema yeye hana haraka, atangoja aone hawa wasichana wanarudishiwa pesa yao. Na wengine wote wakangoja naye. Duka zima lilimwangalia Gitonga, na nikaona kwa mara ya kwanza vile inavyokuwa kuwa upande wa wanaoangalia, si wa anayeangaliwa.

Alirudisha. Akiturudishia alinung'unika kwamba hakuna mtu hapa Meru anayehitaji bodi ya aina hiyo tunayoitaka.

"Basi sisi ndio wa kwanza," nikamwambia, na tukatoka.

Tulikuwa tumerudishiwa pesa na bado hatuna bodi, na Jumapili ilikuwa inakuja mbio.

Duka la pili halikuwa nayo. La tatu walitushauri tuuze kadi zote mbili tununue moja kubwa. Ushauri huu nimeupata kutoka kwa watu wengi sana, na wote wana hakika kwamba sijaufikiria. Nimeufikiria. Kadi hizi ni zetu, zimelipiwa, zinajua kazi, na zikiwa pamoja zina nguvu kuliko hiyo moja tunayoweza kumudu. Sikutafuta mtu wa kunihurumia. Nilitafuta bodi.

Tuliipata Embu. Kuna jamaa mmoja pale mjini ananunua kompyuta kuukuu za ofisi, zile za ex-UK zilizokwisha kutumika Uingereza, anazifungua na kuuza vipuri. Tulimpigia simu, Kinya akamsomea masharti yetu yote bila kupumua. Jamaa akasema anayo bodi iliyotoka kwenye mashine ya wachoraji, ya miaka ya nyuma kidogo, pamoja na processor na memori yake. Kisha akasema maneno ambayo mtu yeyote mwenye duka anafaa kuyajua.

"Njooni na kadi zenu mzijaribu kwanza."

Alituwekea bodi juu ya boksi la katoni kwenye meza yake ya kazi. Nikawasha tochi. Akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia, meno. Hakucheka. Alishika ukingo wa bodi, akainamisha kidogo ili mwanga uingie vizuri, na tukaangalia pamoja. Meno yalikuwa yamejaa sloti ya kwanza, kutoka mwanzo hadi mwisho. Yalikuwa yamejaa ya pili. Kati ya sloti hizo mbili mkono wangu uliingia.

Nilisita hata hivyo. Ilikuwa bodi ya zamani. Haina dhamana ya maana, processor yake inakula stima kuliko ya kisasa, na nilijua watakaosema tumeuziwa takataka ya wazungu. Lakini processor hiyo ilitengenezwa kwa watu wa kazi kama yetu, na njia zake ni nyingi kuliko tunavyohitaji. Bodi mpya ya Gitonga ilikuwa na boksi linalong'aa na taa za rangi. Hii ilikuwa na mkwaruzo pembeni na alama ya kalamu ya mtu nisiyemjua.

Tukachomeka kadi. Yangu juu, ya Kinya chini. Jamaa akaunganisha pawa ya kuleta umeme tuliyokuja nayo, akabonyeza.

Feni za kadi zote zikazunguka. Kwenye skrini yakatokea majina mawili, moja chini ya jingine.

Kinya alinishika mkono mpaka ukaniuma.

Tangu Ijumaa sebule ya Mama imekuwa kiwanda. Mashine imekaa juu ya meza, ubavu wake wazi, kuku wakifukuzwa mlangoni kila mara. Mimi nilichora vitanda, sinki, madirisha na korido pana ya kupitisha machela. Kinya alifanya mwanga, maana hakuna anayemshinda kwa mwanga. Stima ilipotea mara moja upepo ulipoangusha tawi kwenye waya. Ilirudi, na programu ikaendelea pale ilipoachia. Jana mchana video ilikuwa tayari. Tulimwita Mama aone.

Aliitazama amesimama, mikono ina unga. Ilipoisha akasema, "Wekeni benchi pale nje. Mtu akizaa kuna watu wanangoja."

Kwa kadi moja ningemwambia haiwezekani, Mama, siku zimeisha. Badala yake tuliweka benchi, tukapika upya sehemu yote ya nje, na jua halijatua ikawa imekamilika. Benchi lenye kivuli. Kinya aliongeza chupa ya chai juu yake.

Leo, baada ya ibada, Mzee Nthiga alieleza ukumbi wake kwa kirefu. Alisema ukumbi utaleta mapato, na mapato yataleta maendeleo mengine. Hakusema uongo. Halafu akasema, "Sasa tuwape vijana nafasi yao, kwa ufupi." Tukaunganisha mashine yetu, tuliyoibeba kutoka nyumbani, kwenye projekta ile ya nyimbo.

Mlango wa wodi ulifunguka ukutani mwa kanisa. Watu wakaingia nao. Ilipita korido, ikageuka, ikaonyesha kitanda chenye shuka safi na dirisha linaloangalia mashamba ya chai, haya haya yetu, na jua la asubuhi likisogea sakafuni hadi kwenye kitanda kidogo cha mtoto. Ilipoisha, cucu mmoja, nyanya aliyekaa mbele, akasema kwa sauti, "Rudisheni pale kwa kitanda."

Mzee Nthiga alisema muda umekwenda. Alisema jambo hili ni zito, tuliombee, tulijadili mkutano mwingine. Akainuka kufunga kwa maombi.

Hapo ndipo Mama aliposimama.

Mama haongei kanisani. Anaimba, anafagia, anapika ugeni ukija, lakini hasimami kuongea. Alishika kiti kilicho mbele yake kwa mikono yote miwili.

"Huyu Wawira mnamwona hapa," alisema, "nilimzalia kituo cha majani chai, juu ya magunia. Gari ilikuwa imekwama kwa matope. Karani alitoka nje akageuza uso. Aliyenishika ni mama mmoja nilimkuta kwa laini ya kupima majani, hata jina sikumwuliza. Nilifikishwa hospitali Embu mtoto akiwa ameshalia mpaka amechoka."

Akakaa.

Sikuwa nimewahi kuyasikia hayo. Maisha yangu yote nimejua nilizaliwa hospitali ya Embu. Nilibaki nimesimama kando ya projekta, nikiwa na rimoti mkononi, kama mtu aliyetambulishwa kwa mgeni na mgeni huyo ni yeye mwenyewe.

Mwanamke mwingine akasimama. "Mimi ni kwa bodaboda, hapo kwa daraja." Akakaa. Mwingine akasema ni kwenye shamba la kahawa la jirani. Mwingine alisimama, akajaribu kusema, akashindwa, na waliokuwa karibu wakamshika mabega, kwa sababu sote tunajua mtoto wake hakuishi. Wakaendelea kusimama, kila mmoja na mahali pake. Mwisho akasimama mke wa Mzee Nthiga, mama mpole kuliko wote, akasema, "Mimi ni nyumbani, kwa sakafu. Na Mzee anajua."

Mzee Nthiga alikuwa bado amesimama mbele ya watu, kofia mkononi. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Kisha akakaa chini bila kuomba.

Mtu fulani akasema tupige kura sasa. Mikono ikainuka. Ya wanawake yote, na ya wanaume wengi kuliko nilivyotarajia. Mzee Nthiga hakuinua wake. Hakumpinga mtu pia. Wodi itajengwa kwanza.

Tukifunga nyaya alikuja akasimama karibu na mashine, akaiangalia ubavuni mle ndani feni zinamokaa. "Hii inaweza kufanya na ya ukumbi?" akauliza.

"Inaweza, Mzee," nikamjibu kwa heshima zote. "Wodi ikishaezekwa."

Kinya sasa hivi yuko jikoni anaongea na babake kwa simu. Namsikia akimwambia kwamba harudi Laare wiki hii, na kwamba kadi yake haitoki kwenye hiyo bodi. Babake anauliza kitu, naye anarudia, pole pole, neno kwa neno.

Mama ameketi mkabala nami anamenya viazi. Nilimwuliza muda si mrefu kwa nini hakuwahi kuniambia.

"Nilikuwa naona haya," alisema.

"Na leo?"

"Leo niliona kitanda." Akaendelea kumenya. Kisha, bila kuinua macho, akasema video ni nzuri lakini nimechora wodi nzima na nikasahau choo, na kwamba mwanamke aliyetoka kuzaa hawezi kutumwa nje kwenye mvua.

Kesho naanza na choo. Kitakuwa ndani, karibu na vitanda, chenye mlango mpana na maji ya moto, kamati ipende isipende.